Kamba Kwanza, Nyangumi Baadaye

Moby-Dick ina sura 135, na nyangumi mweupe anayesakwa haonekani mpaka sura ya 133. Nahodha Ahab, aliyeng'olewa mguu na nyangumi huyo na sasa hana jingine moyoni ila kisasi, hajitokezi sitahani mpaka sura ya 28. Herman Melville aliitoa riwaya hii mwaka 1851, miaka kumi tangu apande mwenyewe meli ya wawinda nyangumi. Pengo lote hilo amelijaza kazi: chusa, makasia, kuchuna mafuta, kuyayeyusha. Wasomaji wengi huziruka sura hizo. Mimi nasema nguvu ya kitabu imo humo.

Chukua sura ya 60. Hakuna tukio; inaeleza kamba ya chusa tu. Urefu wake unapita meta 360. Inakunjwa kwa uangalifu pipani isije ikajifunga, kisha inapitishwa toka nyuma ya mashua hadi mbele, katikati ya wapiga makasia wote. Nyangumi akichomwa, kamba inafyatuka, na inayemnasa inaondoka naye. Mvuvi wa sangara wa Busisi au Kome, katika Ziwa Victoria, hahitaji kufafanuliwa zaidi. Aliyewahi kumwaga kamba ya ndoano usiku, mtumbwi ukienda, anajua kinachofuata ndoano ikishika shati. Melville alikuwa na kazi ya kuwatia woga huo watu wa nchi kavu, na aliwatia mapema, kwa sauti tulivu ya fundi anayemwelekeza mwanagenzi.

Sura 75 baadaye, Ahab anarusha chusa, kamba inakwama, anainama kuinasua. Inamkamata shingoni na kumtoa mashuani kabla wenzake hawajatambua. Ni sentensi chache mno, bila ufafanuzi, kwa kuwa ufafanuzi tulikwisha kupewa. Kama tungesikia makelele ya Ahab tu, angekuwa mwendawazimu wa kawaida. Tunauamini uchu wake kwa sababu tumeonyeshwa gharama yake, pipa kwa pipa, mtu kwa mtu.

Huku ziwani njia hiyo aliipita Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House waliichapa mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Myombekere anamtaka mkewe, aliyechukuliwa na wazazi wake kwa masimango ya kukosa mtoto. Wakwe wanamtoza pombe ya ndizi. Mwandishi mwenye haraka angesema pombe ikapikwa, mke akarudi. Kitereza hana haraka. Anatupitisha katika utengenezaji wenyewe, na katika watu wanaoitwa kusaidia. Mume huyu hana haja ya kutangaza mapenzi, jasho linamsemea. Na hapo namwona Kitereza akimzidi Melville, kwani kazi ya Ahab inawamaliza mabaharia wake, ilhali ya Myombekere inawakusanya majirani.

Kwa hiyo anayetaka kuandika riwaya ya sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, asianze na dhoruba wala na jitu la kilo 200. Aanze na bondo, kifuko cha hewa cha samaki huyo: linavyotolewa tumboni bila kutobolewa, linavyosafishwa, linavyowekwa kwenye mizani, na macho ya wote waliosimama mwaloni yanavyoufuata mshale.