Tochi Kwanza, Darubini Baadaye

Saza, wilayani Songwe, imekaa kwenye ukanda wa dhahabu wa Lupa, na kutoka huko nchi inateremka hadi Ziwa Rukwa, ziwa la viboko na mamba. Kiboko hushinda majini, na jua likizama hupanda nchi kavu kutafuta malisho. Akikuta mpunga au mahindi, ndiyo chakula chake cha usiku huo. Kwa hiyo askari wa wanyamapori anayeitwa kumdhibiti mnyama mharibifu hufanya kazi gizani, na giza la huku halina subira. Jua likishazama, nusu saa haiishi kabla alama za chuma za kulengea juu ya mtutu hazijapotea machoni.

Hapo ndipo swali la taa na darubini za raifoli linapoanza, na ndipo wengi wanapokosea kwa kuanza na darubini.

Sheria kwanza. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda usiku, na inakataza kutumia taa kumwinda mnyama. Uchambuzi huu ni wa askari aliye kazini, anayelinda maisha ya watu. Mwananchi akisikia kiboko shambani, akae mbali, awaarifu viongozi wa kijiji, nao wawapigie maofisa wa wanyamapori. Kumfuata kiboko usiku na gobore ni kutafuta kifo.

Tatizo lenyewe ni la zamani. Desemba 1898, huko Tsavo, Kenya, mhandisi wa reli J. H. Patterson alikaa juu ya jukwaa la miti kumngoja simba mla watu, usiku usio na mwanga. Simba akamzunguka yeye kwa muda mrefu, na Patterson akafyatua akilenga kivuli. Alimpata, lakini hiyo si njia ya kumfundisha mtu. Mafundi wa bunduki wa Uingereza walijaribu kusaidia kwa kuweka mbele ya mtutu kete nyeupe ya pembe ya ndovu au jino la ngiri, inayoinuliwa jioni ili jicho liione. Mabwana nyama wa Tanganyika waliopewa raifoli za .404 walitegemea alama za chuma tu. Kete nyeupe husaidia mwezi ukiwepo. Mwezi usipokuwepo haina kazi.

Na mnyama anajua hesabu za mwezi. Mwaka 2011 Craig Packer na wenzake, akiwemo Mtanzania Dennis Ikanda, walichapisha uchambuzi wa mashambulizi ya simba kwa watu hapa Tanzania kati ya 1988 na 2009. Waliona kwamba hatari hupanda katika siku kumi zinazofuata mwezi mpevu, kwa sababu siku hizo mwezi huchelewa kuchomoza na saa za mwanzo za usiku, watu wakiwa bado nje, huwa giza tupu. Askari anayepanga doria abandike kalenda ya mwezi ukutani kabla ya kufikiria vifaa.

Sasa darubini. Dukani mtu huvutiwa na ile inayokuza mara nyingi zaidi. Chukua kiboko aliye mita 30. Darubini inayokuza mara tisa huonyesha upana wa kama mita nne kwa umbali wa mita 100, yaani mita moja na kidogo kwa mita 30. Kiboko ana urefu wa mita tatu na zaidi. Utakachoona ni ngozi, usijue kama ni bega au tumbo. Darubini inayoanzia mara moja hadi mara nne, ikiwekwa kwenye mara moja, itakuonyesha kiboko mzima, ndama wake, na mtu anayekimbia pembeni. Hiyo ndiyo ya kununua.

Kuna pia hesabu ya mwanga. Gawanya kipenyo cha kioo cha mbele, kwa milimita, kwa idadi ya mara inazokuza, utapata upana wa mwanga unaofika kwenye jicho. Kioo cha milimita 32 kwa mara nne kinatoa milimita 8; kioo cha 40 kwa mara kumi na mbili kinatoa tatu na kidogo. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi, ya mtu mzima hupungua hadi 5; mwanga mwembamba kuliko mboni hukuachia giza. Wajerumani na Waaustria wanapenda darubini za mara nane na kioo cha milimita 56 kwa sababu jioni zao ni ndefu na wawindaji wao hukaa kwenye vibanda vya juu wakingoja. Huku Rukwa jioni hiyo ndefu haipo, na uzito wa kioo kikubwa utaubeba bure.

Jambo moja zaidi kabla hujalipa: nafasi kati ya jicho na kioo. Raifoli za .375 na .458 hurudi nyuma kwa nguvu. Darubini inayokutaka uweke jicho karibu itakupasua nyusi. Sentimita tisa au kumi ndiyo salama.

Tochi ndiyo inayoamua kila kitu, na kanuni yake ya kwanza ni ya usalama: usitafute kwa tochi iliyofungwa kwenye bunduki. Pale inapomulika ndipo mtutu unapoelekea. Saza na vijiji vya jirani vina wachimbaji wadogo wanaotembea usiku na taa za kichwani, na vina ng'ombe, mbuzi na mbwa ambao macho yao hung'aa yakimulikwa. Jicho linalong'aa si ruhusa ya kufyatua. Mtu wa pili ashike tochi ya mkono, amulike kutoka nyuma ya bega la mpigaji, mnyama atambuliwe mwili mzima na kilicho nyuma yake kijulikane. Tochi ya bunduki iwashwe mwishoni kabisa, kwa ajili ya kulenga.

Tochi hiyo iwe na hali moja tu, kuwaka na kuzima. Zile zenye kupepesa na kubadili mwanga hujibadilisha zenyewe bunduki inaporudi nyuma, kwa kuwa betri inacheza ndani na kukata umeme kidogo. Chagua yenye springi pande zote mbili.

Betri zinastahili aya yao. Masoko ya Tunduma yamejaa bidhaa za kila upande wa mpaka, na betri za 18650, zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, huuzwa zikiwa zimeandikwa mAh 9900. Hakuna betri ya ukubwa huo inayofikia hapo. Nzuri kabisa huishia karibu na 3500. Wilaya ya Songwe ina faida isiyopatikana kila mahali: mizani ya wanunuzi wa dhahabu. Ipime betri hapo. Betri ya kweli ina gramu 45 hivi. Ikicheza kwenye 30, iache hapo hapo. Na uliyonunua itolewe ndani ya tochi kila inapowekwa stoo.

Kwenye utunzaji, adui wa Saza ni vumbi la karasha za kusaga mawe. Dhahabu ya Lupa inakaa kwenye miamba ya kwazi, na kwazi iliyosagwa ni ngumu kuliko utando unaofunika kioo cha darubini. Anayefuta kioo kwa upindo wa shati anakipiga msasa. Pulizia kwanza kwa kipulizio cha mpira, pitisha brashi laini, ndipo utumie kitambaa safi chenye unyevu kidogo. Masika, usihifadhi darubini ndani ya mfuko wa ngozi. Ngozi hushika unyevu na kuvu huota kwenye kioo. Vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vikusanye.

Skrubu za kushikilia darubini zichorewe mstari mwembamba wa rangi ya kucha, nusu kwenye skrubu, nusu kwenye chuma. Barabara za vumbi na pikipiki hulegeza kila kitu. Mstari ukikatika, umejua. Ukiuona umekatika, kaza, kisha piga risasi tatu kwenye karatasi, mita 50, kabla ya kwenda kwa mnyama. Kumbuka pia kwamba darubini iko sentimita kama tano juu ya mtutu, hivyo kwa mnyama wa mita tano risasi itapita chini ya unapolenga kwa karibu kiasi hicho.

Nawasihi wanaopanga bajeti za vifaa vya askari wetu: kabla ya kuagiza darubini ya bei kubwa, hakikisheni kila kituo kina tochi mbili imara, betri za akiba zilizopimwa, na risasi za kutosha kuhakiki shabaha kila baada ya safari. Askari anayetumwa usiku kwa kiboko bila hivyo ametumwa mikono mitupu.