Dadu ya Jina

Kabla ya kurusha dadu katika AGON, lazima ujitaje. Huwezi kusema tu "namvamia huyu" halafu urushe. Unataja jina lako, sifa yako na mzazi wako, ndipo dadu ziguse meza. Mara ya kwanza tulicheka sote wanne. Kuna aibu fulani kusimama kwenye bedsitter ya mtu na kutangaza kwamba wewe ni fulani Mwenye Macho Makali, mwana wa fulani. Halafu mmoja wetu akakumbuka vivugo, vile tulivyokariri kwenye fasihi simulizi ili tupite KCSE, na aibu ikaisha. Kumbe tulikuwa tunajua kujigamba, tulikuwa tu hatujapata sababu. Kufikia saa nne usiku, dada anayeuza laini za simu mchana alikuwa anajitaja kwa nguvu hadi jirani akagonga ukuta.

AGON ni mchezo wa kuigiza mezani uliotungwa na John Harper na Sean Nittner. Ninazungumzia toleo la pili, la 2020. Kama hujawahi kucheza michezo ya aina hii, hakuna ubao na hakuna anayeibuka mshindi mwishoni. Mtu mmoja anasimamia hadithi, wengine kila mmoja ana mhusika wake, na dadu zinaamua pale jambo linapoweza kwenda huku au kule. Wahusika hapa ni mashujaa wa Ugiriki ya kale ambao wametoka vitani wakapotea baharini, na sasa wanatangatanga kisiwa hadi kisiwa wakitafuta njia ya kwenda kwao. Kisiwa kimoja kinaisha jioni moja. Kwa watu wenye shift, hilo si jambo dogo.

Hesabu yake ni tamu. Unakusanya dadu: moja ya jina, moja ya sifa kama sifa yako inafaa kwa jambo lililopo, moja ya uwanja mnaoshindania, uwe wa ushujaa, wa maneno, wa akili au wa moyo. Unajumlisha mbili kubwa. Ukifikia alama za msimamizi, umefaulu. Lakini kati ya waliofaulu ni mmoja tu anayehesabiwa bora, na huyo ndiye anayezoa utukufu mwingi. Utukufu ukirundikana, dadu ya jina inakua kutoka pande sita hadi nane, na kuendelea. Yaani jina kubwa ni silaha. Agon kwa Kigiriki ni mashindano, na mchezo hausahau hilo hata dakika moja: mko upande mmoja na bado mnapimana.

Tulimaliza visiwa vitatu hivi, kisha jamaa mmoja ambaye ameangalia filamu ya 300 mara nyingi kuliko inavyofaa akaomba tupigane Thermopylae. Kitabu hakikuandikwa kwa ajili ya vita vya historia, ila sheria zake zinabebeka. Mimi ndiye nilikuwa msimamizi, kwa hivyo nikaenda kumsoma Herodotus. Chuo niliacha, kusoma sikuacha.

Filamu inakupa Wasparta 300 na vifua vyao. Herodotus anakupa zaidi. Mwaka wa 480 kabla ya Kristo, jeshi la Xerxes lilipopata njia ya mlimani na kuwazunguka Wagiriki, watu 700 wa Thespiae nao walikataa kuondoka, wakafa pale pamoja na Leonidas. Kulikuwa na maheloti pia, watu ambao Wasparta waliwatiisha na kuwalimisha mashamba kwa lazima, kisha wakawabeba hadi vitani kuwahudumia. Miili yao ililala pale pale na miili ya mabwana zao. Na kuna kisa kimoja ambacho ningemshauri mtu yeyote akisome kabla ya kuangalia filamu tena.

Wasparta wawili, Eurytus na Aristodemus, waliugua macho vibaya, Leonidas akawaruhusu watoke kambini. Habari za kuzungukwa zilipofika, Eurytus aliitisha silaha zake na kumwamuru heloti wake amwongoze hadi kwenye mapigano. Heloti akampeleka, akamfikisha, kisha akakimbia. Eurytus akajitosa, akafa. Aristodemus hakwenda. Alirudi Sparta akiwa hai.

Niliposimulia haya mezani, nilidhani watagombania Eurytus. Dada wa laini za simu akasema, "Mimi nipee huyo wa kumshika mkono."

Hapo karatasi ikatushinda. Mstari wa kwanza kabisa ni jina, na Herodotus hakuliandika. Tungeweza kubuni moja, lakini akakataa. Akasema kama mzee mwenyewe hakujisumbua kuuliza, yeye naye hatampa jina la uongo. Atarusha bila hiyo dadu. Sifa aliandika Anayejua Njia. Kwa hivyo wenzake walikuwa wanarusha tatu na kuchagua mbili bora, yeye akirusha mbili na kumezwa na chochote kitakachotoka.

Alimfikisha kipofu. Sasa wengine walikuwa wanashindania kuushika mlango wa Thermopylae, na yeye akatangaza kwamba anashindania kutoka. Nilikwama. Kukimbia kunaenda uwanja gani? Jamaa wa 300 akasema hauna uwanja, huo ni uoga. Dada akamjibu, "Wee, hii vita ni ya nani?" Nikampa uwanja wa moyo. Akarusha, na wallahi zote mbili zikatoka juu kabisa. Alikuwa bora kuliko sote. Utukufu mwingi wa usiku ule ukaenda kwa mtu ambaye karatasi yake haina mahali pa kuuweka, maana utukufu kwenye AGON unalisha dadu ya jina.

Huo ndio ugomvi wangu na mchezo huu ninaoupenda. Unaheshimu imani ya Kigiriki kwamba binadamu ni jina lake na matendo yanayosimuliwa juu yake, na unaiheshimu hadi kwenye hesabu. Lakini haujiulizi ni nani aliyekuwa akibeba ngao. Ukitaka kumcheza huyo, lazima uvunje kitu. Nikienda kwa mama napitia Kariokor, mtaa ambao jina lake linatokana na Carrier Corps, wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kikosi kilipata mtaa mzima. Wabebaji wenyewe, mmoja mmoja, jaribu kuwataja.

Wiki iliyofuata tukahamia Plataea, mwaka wa 479, na nikaomba mwingine asimamie ili nimcheze Aristodemus. Alipofika Sparta, hakuna aliyekubali kumpa moto wala kuzungumza naye. Walimwita Aliyetetemeka. Herodotus anaongeza jambo lililonigusa pabaya: kama angekuwa mgonjwa peke yake, au kama wote wawili wangerudi pamoja, Wasparta wasingekasirika. Kosa lake ni kwamba mwenzake alikwenda.

Mwenzangu wa chumba chuoni alikuwa na shida zile zile za karo. Yeye akang'ang'ana, akamaliza, picha ya gauni iko sebuleni kwao, na kwao na kwetu ni ploti moja. Sihitaji kueleza zaidi.

Basi kwenye mstari wa sifa nikaandika Aliyetetemeka. Sheria inataka sifa inayokusaidia, lakini msimamizi akaniruhusu niirushe kila nikipigana kama mtu asiyetaka kurudi nyumbani. Nilikuwa bora mara mbili mfululizo. Hata Herodotus alimwona Aristodemus kuwa shujaa kuliko wote siku hiyo, alipokufa. Wasparta walimnyima heshima, wakisema alitoka kwenye safu kwa hasira kwa sababu alitaka kufa. AGON haikuniuliza nilitaka nini. Ilijumlisha dadu, ikanipa utukufu, dadu yangu ya jina ikasogea karibu na pande nane. Mezani walinipigia makofi. Nilifurahi, kisha njiani kwenda kwangu nikaanza kukasirika kidogo. Mchezo unaojua kupima jina kwa makini namna hiyo ungeweza pia kuuliza jina hilo limelipiwa na nini.

Hata hivyo, tafuta wenzako watatu mucheze. Dadu za pande nyingi ni ghali, sisi tunatumia programu ya simu, ingawa mlio wa meza unaukosa.

Karatasi ya heloti haikutupwa. Dada ameikunja kwenye kava ya simu yake, mstari wa jina bado mtupu, na Jumamosi tunaanza naye. Herodotus anasema alikimbia, hasemi alikimbilia wapi.