Fundi na Geji Zenye Jasho

Geji ya mafuta iliyotoka kwenye boti ya abiria ya Mokowe, Lamu, imewekwa juu ya kitambaa cheupe, kioo kikitazama dari, na fundi bado hajaifungua. Ameinama na tochi ndogo, anamulika kwa ubavu ili mwanga upite ndani ya kioo badala ya kukipiga usoni. Sehemu ya juu ina utando wa ukungu. Chini, karibu na herufi E, matone kadhaa yamekutana na kufanya kidimbwi chembamba kinachohama kila akiinamisha geji.

“Nahodha, hiki kioo hutoka jasho saa ngapi?”

“Alfajiri, fundi. Jua likipanda kinang’aa chenyewe.”

“Na mvua ikinyesha?”

“Ikinyesha ndiyo balaa. Maji yanacheza humo ndani.”

“Basi hapa una maradhi mawili,” anasema, na ndipo anapovuta kiti.

Pwani yetu geji zenye jasho ni jambo la kila siku, na manahodha wengi huzichukulia kama kutu ya nanga: ipo, tutafanyaje. Lakini boti ikiishiwa mafuta katikati ya mlango wa bahari wa Mkanda, abiria hawana haja ya kuelezwa kwamba mshale haukuonekana.

Swali la ukungu au matone lina hesabu yake. Geji ya kawaida, ile ya shimo la milimita 52, ina hewa isiyozidi sana desilita moja. Hewa ya nyuzi 30 iliyoshiba unyevu hubeba takriban gramu 30 za maji katika kila mita ya ujazo, kwa hiyo humo ndani hamna zaidi ya miligramu tatu hivi. Tone moja la maji ni kama miligramu 50. Hewa iliyofungiwa ndani ya geji inaweza kukitia kioo ukungu, ila haina maji ya kufanya kidimbwi. Kidimbwi kimeingia kutoka nje. Fundi hazitaji miligramu, wala hazihitaji; ameona geji za kutosha kujua kwamba ukungu mwembamba unaoondoka asubuhi si kesi, na kwamba maji yanayotembea yana mlango.

Mlango huo hufunguliwa na jua. Dashibodi nyeusi ya boti iliyoachwa wazi mchana inaweza kufika nyuzi 60, na hewa iliyomo ndani ya geji ikavimba kwa takriban sehemu moja ya kumi na kutoka kupitia mpira uliochoka. Kisha linapita wingu, mvua inapiga kioo cha moto, hewa inanywea ghafla, na geji inavuta pumzi. Kama ukingo wa kioo una maji wakati huo, huvuta maji. Ndiyo maana geji iliyohimili mawimbi miaka mingi hushindwa na manyunyu ya dakika tano.

Kabla ya kufungua, anapima, kwa kuwa hakuna faida ya kukausha mtambo uliokufa. Anaunga geji kwenye betri ya volti 12, kisha mahali pa waya wa boya la tangini anaweka vikinzani alivyovipanga kwenye ubao. Geji za mtindo wa Marekani husoma tangi tupu kwa omu 240 na tangi lililojaa kwa 33. Nyingi za Ulaya huanzia 10 na kuishia 180. Hii ni ya Kimarekani. Anaweka 240, mshale unalala kwenye E. Anaweka 33, unapanda taratibu hadi F, ukikwama kidogo njiani. “Mzima,” anasema. Angeona umekufa angeirudisha pale pale, kama anavyozirudisha geji mpya za dijitali zilizofungwa kwa gundi kiwandani. Hizo hazifunguki bila kuvunjika, na yeye hadanganyi mteja.

Kufungua ndiko kunakotenganisha fundi na mharibifu. Kioo kimebanwa na pete ya chuma laini ambayo ukingo wake umekunjwa kuzunguka mgongo wa geji. Anatumia bisibisi bapa aliyoisaga ncha hadi ikawa butu. Anaiingiza chini ya mkunjo, anainua kiasi cha unene wa ukucha, anasogea upana wa kidole, anainua tena. Akimaliza mzunguko mmoja pete bado imeshika. Anarudi alikoanzia. Raundi ya pili, kiasi kile kile. Chuma kikiinuliwa mara moja hupasuka au hubaki na mawimbi, na pete yenye mawimbi haitabana mpira tena. Mzunguko wa nne pete inaachia yenyewe, nzima, mviringo wake haujapotea.

Ndani kuna kitu ambacho tochi haikukionyesha: vumbi jeupe kwenye ukingo wa bamba la namba na kijani kidogo kwenye miguu ya shaba. Chumvi. Hapa wengi hupotea. Hukausha geji kwa kikausha nywele, hufunga, na baada ya wiki ukungu umerudi. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka kwa maji ya hewani unyevu ukipita asilimia 75, na chumvi ya bahari, iliyochanganyika na magnesi, haingoji hata kiwango hicho. Usiku wa Lamu hupita hapo bila taabu. Ukiiacha chumvi ndani, umeifungia geji kisima.

Kwa hiyo anaosha. Maji yake ni yale yaliyokenekwa, ya kuongezea betri, si asidi. Anachovya brashi ya rangi ya watoto, anapapasa shaba, anafyonza kwa pamba, anachovya tena. Kwenye miguu ya waya anamalizia na spiriti, lakini kioo hakipati spiriti hata tone: ni plastiki, na zipo plastiki ambazo spiriti huzitia nyufa ndogo ndogo. Kioo kinapata maji na sabuni. Shina la mshale haligusi kabisa. Pale pana mafuta mazito kidogo yanayotuliza mshale boti inaporuka, na ukiyaosha mshale utatetemeka maisha yake yote.

Kinachofuata ni kungoja, na fundi anangoja vizuri. Geji wazi inaingia kwenye debe la biskuti lenye mfuniko, pamoja na kikombe cha chembe za silika za buluu. Juu yake kuna balbu ndogo ya volti 12 inayowaka kutwa, ya kutia joto la kiasi tu. Chembe zikigeuka waridi zimeshiba. Anazikaanga kwenye sufuria kwa moto mdogo mpaka zirudi buluu, anaziweka tena. Nahodha anapita jioni kuuliza. “Kesho,” anaambiwa. Kesho yake chembe bado zina waridi, na jibu ni lile lile.

Siku ya kufunga hafungi mvua ikinyesha. Geji inatoka debeni ikiwa vuguvugu, na kila kitu kiko tayari mkononi: mpira mpya uliopakwa grisi ya silikoni kidogo sana, kioo, pete. Gundi ya silikoni yenye harufu ya siki haimo dukani mwake, kwa sababu asidi yake hula shaba. Anaikunja pete kwa kipande cha mninga, upande huu kisha upande unaoelekeana nao, raundi baada ya raundi, kwa subira ile ile aliyofungulia.

Halafu anaijaribu kwa namna iliyonifurahisha kuliko zote. Anafunga kipande cha barafu kwenye plastiki, anakibonyeza katikati ya kioo, anahesabu kimoyomoyo, anakiondoa na kufuta. Kama ndani kumebaki unyevu, doa la ukungu litatokea pale pale palipopoa. Anamulika kwa ubavu. Doa halipo.

Kwenye boti anafanya mambo mawili ambayo hayamo kwenye bei. Kwanza, waya wa geji anaupindisha ushuke kabla haujapanda, ili maji yanayotambaa juu yake yadondokee hapo chini. Pili, anahakikisha tundu dogo la mgongoni limetazama chini na liko wazi. Nahodha anataka lizibwe. Fundi anakataa: geji itapumua tu, na ukiiziba mgongo itapumua kwa kupitia kioo.

Wenye boti, ukungu wa alfajiri unaoondoka kabla ya saa tatu uacheni. Mkiona maji yanatembea nyuma ya kioo, ing’oeni geji wiki hiyo hiyo kabla chumvi haijafika kwenye shaba. Na jioni mkifunga boti, funikeni dashibodi kwa turubai. Ni rahisi kuliko fundi yeyote.