Sufuria Moja, Watu Wawili: Mpango wa Wiki 12 Umetua Kasulu

Jamani, huu mpango ni moto! Ni wa kupunguza uzito, umeandaliwa na NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza. Wiki 12, unausoma kwenye simu, na hulipi hata senti. Gharama ni bando tu. Mimi na mume wangu ndiyo kwanza tumeuanza hapa Kasulu, dada na shemeji wameudaka kule Kibondo, na kundi letu la WhatsApp halilali.

Kilichoniteka ni hesabu. Mwanamke anapangiwa kalori 1,400 kwa siku, mwanamume 1,900, na lengo ni kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Hakuna kushinda njaa, hakuna chai za miujiza! Ila orodha za Waingereza hazijui mawese, basi tukaanza kupima vya kwetu. Kijiko kimoja cha chakula cha mawese kina kalori kama 120. Kijiko kimoja! Na sisi watu wa Kigoma tunavyoyamimina kwenye maharage, nani huwa anahesabu? Sasa tunapima. Mgebuka, samaki wetu, tunauchoma badala ya kuukaanga, ugali wa muhogo umepungua, mboga ya lengalenga imejaa sahani, na bado tunashiba.

Mpango umeandikiwa mtu mmoja, lakini nyumbani sufuria ni moja. Mpishi asipokubali, umekwama. Watafiti wa University College London walichapisha mwaka 2015 utafiti wa wanandoa wa miaka 50 na zaidi: wanaume wanene ambao wake zao walipungua, asilimia 26 walipungua nao, mke alipobaki mnene, ni asilimia 10 tu. Kwa wanawake ilikuwa 36 dhidi ya 15. Hivi kuna dawa gani ya dukani inayoshinda mwenza aliyekubali?

Mazoezi ni dakika 150 kwa wiki, na kwa vilima vyetu hivi, kwenda sokoni kwa miguu ni mazoezi tosha. Kasoro ni lugha, Kiingereza kitupu. Wizara ya Afya ituandalie wa Kiswahili, wenye migebuka na mawese ndani yake.

Mjamzito, anayenyonyesha na anayetumia dawa za kisukari au presha wamwone daktari kwanza. Nyie wengine, msianze peke yenu: mwiteni mwenza, mkae na simu moja, muanze wiki hii hii.