Raskolnikov Mbele ya Umma: Hatia na Toba Katika Riwaya ya Dostoevsky

Katika madarasa ya itikadi tunayoyaendesha Temeke na Kinondoni swali moja hurudi mara kwa mara: kada wa Chama ana haja gani na riwaya ya Kirusi ya mwaka 1866, inayomhusu kijana aliyeua na kisha kuteswa na dhamiri yake? Wapo wanaodai kwamba mambo ya dhambi na toba ni ya misikitini na makanisani. Wapo pia wanaoisoma kama hadithi ya upelelezi. Maoni yetu ni kwamba wote wanakosea. Riwaya hii ya Fyodor Dostoevsky, ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita Uhalifu na Adhabu, inauliza swali la uongozi: ni nani aliyempa mtu mmoja haki ya kuwakanyaga wengine kwa madai kwamba anawatakia wengi mema?

Tuanze na hali halisi. Rodion Raskolnikov ameacha Chuo Kikuu kwa kukosa fedha. Anaishi St Petersburg katika chumba chembamba kama kabati, anadaiwa kodi, na vitu vyake ameviweka rehani kwa kikongwe mla riba, Alyona Ivanovna. Wakazi wa Tandale na Mbagala hawahitaji kufafanuliwa hali hiyo. Mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu ni ndugu wa damu wa rehani ya Alyona.

Katika dhiki hiyo Raskolnikov anajijengea nadharia. Anadai kwamba binadamu ni wa aina mbili: walio wengi, ambao wajibu wao ni kutii, na wachache wa namna ya Napoleon, ambao wanaruhusiwa kuvuka mpaka wa sheria. Kikongwe yule ni kupe; akiondolewa, fedha zake zitaokoa familia nyingi. Msomaji kijana mwenye uchungu na unyonyaji huenda akamuunga mkono. Hapo ndipo mwandishi anapomnasa.

Kwanza, shoka halikuishia kwa Alyona. Lizaveta, ndugu yake kikongwe, mnyonge anayetumikishwa na dada yake huyo usiku na mchana, anaingia ghafula, naye anauawa. Nadharia ilimlenga mnyonyaji, lakini iliyemwangamiza pia ni mnyonywaji wa kwanza wa mnyonyaji huyo. Pili, mali iliyoporwa inafichwa chini ya jiwe. Mwuaji hata hakuihesabu. Ule wema wa watu maelfu haukupata hata senti. Makada na wanafunzi tuyatazame mambo haya mawili kwa makini. Kila mara kiongozi anapojiambia kwamba lengo ni jema na kwa hiyo njia haidhuru, hana budi kuuliza: Lizaveta wa jambo hili ni nani?

Wahusika wengine wamewekwa ili kumpima Raskolnikov. Luzhin ni bwanyenye mchanga anayemposa Dunya, dada yake Raskolnikov, kwa sababu ni maskini: anataka mke atakayemshukuru maisha yake yote. Baadaye anamtilia Sonya noti ya rubo mia mfukoni kwa siri, kisha anamwita mwizi mbele ya watu. Hakumwua mtu yeyote, na sheria haikumfunga. Svidrigailov ana mali na hana mwiko wowote. Mwisho wake ni kujipiga risasi. Yupo pia Lebezyatnikov, kijana wa kaulimbiu anayehubiri maendeleo bila kuyaelewa. Tunamcheka, lakini ndiye anayesimama na kueleza hila ya Luzhin kama alivyoiona. Mwandishi amemtendea haki. Mtu hupimwa kwa ushahidi anaoutoa wakati mnyonge anaposingiziwa.

Sonya ndiye kiini cha riwaya. Baba yake, Marmeladov, ni karani mlevi. Ili wadogo zake wale, Sonya anauza mwili wake. Biblia anayomsomea mwuaji habari za Lazaro ilikuwa ya Lizaveta. Raskolnikov anapokiri kwake, Sonya hamwambii alie chumbani peke yake. Anamwagiza aende njia panda, ainame, aibusu ardhi aliyoichafua, na awatangazie watu wote kwamba ameua. Hapa Sonya anatufundisha kwamba kosa lililoudhuru umma halimalizwi kwa majuto ya siri.

Lakini tuangalie yanayotokea. Raskolnikov anafika uwanjani, anapiga magoti, anaibusu ardhi. Watu wanacheka, wanadhani amelewa. Maneno yanamkwama kooni. Anakwenda kukiri kituo cha polisi. Wahakiki wengi hupita hapa haraka. Sisi tunaona kwamba ndipo penye somo kubwa kwa Chama. Toba ya hadharani inahitaji hadhara yenye uwezo wa kuipokea. Kikao cha tawi kinachogeuza kujikosoa kwa mwanachama kuwa kicheko au silaha ya uchaguzi ujao kinawafundisha wanachama wote kunyamaza. Na mtu akishanyamaza, Chama hakina njia ya kumjua wala kumsaidia.

Fasihi yetu wenyewe imeonyesha upande wa pili wa jambo hili. Katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, Kazimoto naye ni msomi anayewaza peke yake. Anataka kumlipizia kisasi Manase kwa maovu aliyomtendea Rukia, dada yake, lakini kisasi hakimpi amani, na mwisho anajiua. Kazimoto hana Sonya wala njia panda. Msomi aliyejitenga na watu wake hana wa kumkiria, hivyo hatia yake inamla kutoka ndani.

Historia yetu nayo inatusaidia kutofautisha hofu na toba. Mwaka 1983, katika vita dhidi ya wahujumu uchumi iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, bidhaa zilizofichwa zilitupwa usiku mitaani na vichakani hapa Dar es Salaam. Waliozitupa waliogopa kukamatwa. Hakuna aliyerudi kwa majirani waliokosa sabuni na kusema, nimewakosea. Lakini haki inatudai tuseme na jambo la pili. Sheria ya mwaka huo haikuwaruhusu washtakiwa kuwa na mawakili, na mwaka 1984 ilibadilishwa kwa sheria nyingine. Vita vya haki navyo vinaweza kumkuta Lizaveta mlangoni.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa Shinyanga. Mwaka 1976, katika operesheni ya kukomesha mauaji, watuhumiwa waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola na baadhi yao wakafa. Hayati Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, hakumpiga mtu yeyote kwa mkono wake, lakini alijiuzulu. Tumlinganishe na Raskolnikov, ambaye aliua kwa mkono wake, akahukumiwa miaka minane ya kazi ngumu Siberia, na hata huko kwa muda mrefu alijilaumu kwa kushindwa tu, nadharia yake akiishikilia bado. Kukiri tendo ni hatua ya kwanza. Kukana fikra iliyolizaa ndiyo toba. Na kiongozi huwajibika hata kwa yale yaliyotendwa chini ya dhamana yake.

Tusimsifu Dostoevsky kupita kiasi. Mwaka 1849 alikamatwa pamoja na wenzake waliosoma fikra za ujamaa, akapelekwa mbele ya kikosi cha kupiga risasi, akasamehewa dakika za mwisho, kisha akafungwa miaka minne Omsk. Baadaye aliwageuka wanamapinduzi. Katika riwaya hii moyo wa mtu mmoja unabadilika, lakini St Petersburg inabaki ilivyo: wala riba wapo, na wasichana kama Sonya wataendelea kuuzwa. Udhaifu huo ni wa kweli. Hata hivyo, anayebadili mfumo na kuuacha moyo wa kiongozi uleule amempa Raskolnikov cheo badala ya shoka.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika Tujisahihishe, akijua kwamba Chama kisichokubali kusahihishwa huoza kutoka ndani. Wajibu wa makada wa Temeke na Kinondoni ni kuyafanya matawi yao kuwa njia panda ambapo mwanachama anaweza kusema, nimekosa, na wenzake wakamsikiliza bila kicheko, wakadai arekebishe alichoharibu, na wakamwuliza Lizaveta amelipwa nini.