Kilwa kwenye bamba la shaba: kazi ya mkono wa Frans Hogenberg

Picha ya kale ya Kilwa iliyosambaa kuliko nyingine, ile yenye nyumba zilizosongamana na minara iliyochomoza juu ya mapaa, ilichongwa kwenye bamba la shaba mjini Cologne, Ujerumani. Aliyeichonga ni Frans Hogenberg, ambaye hakuwahi kufika pwani yetu. Ilitoka mwaka 1572 katika juzuu ya kwanza ya Civitates Orbis Terrarum, kitabu cha miji ya dunia kilichohaririwa na kasisi Georg Braun. Karatasi moja ilibeba miji minne: Aden juu, na chini yake Mombasa, Kilwa na Sofala. Mara nyingi tunaitazama kana kwamba imepigwa kwa kamera. Tukifuata namna ilivyotengenezwa, tutajua kipi ndani yake cha kuamini na kipi cha kuacha.

Hogenberg alizaliwa Mechelen, Ubelgiji ya leo, yapata mwaka 1535. Baba yake naye alikuwa mchongaji. Hogenberg alifanya kazi Antwerp hadi Duke wa Alba, jemadari wa mfalme wa Hispania, alipowaandama Waprotestanti. Akakimbia, akapitia London, na hatimaye akatulia Cologne, alikofariki mwaka 1590. Kabla ya kitabu cha miji alikuwa amechonga ramani nyingi za atlasi ya Abraham Ortelius ya mwaka 1570. Kwa hiyo Kilwa ilipofika mezani kwake, tayari alikuwa bingwa wa kuchora mahali asipopajua kwa kutegemea michoro na habari za watu wengine.

Hapa Kijenge, Arusha, shaba tunaijua kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wanaoipima kwa kilo baada ya nyaya kuchunwa. Mchongaji wa karne ya 16 aliitaka ikiwa bamba lililofuliwa kwa nyundo mpaka likakaza, maana shaba laini mno hukatika vibaya chini ya ncha. Kisha ililainishwa kwa jiwe la kusugulia na mkaa hadi ikawa kama kioo. Mkwaruzo wowote uliosalia ungebeba wino, na ungeonekana kwenye kila nakala.

Mchoro ulihamishiwa kwenye bamba ukiwa kinyume, kulia kukiwa kushoto. Fundi akipitiwa na kusahau hilo, bahari ingehamia upande mwingine wa mji. Majina nayo yalichongwa kinyumenyume, herufi kwa herufi, na ukitazama jinsi neno Quiloa, yaani Kilwa, lilivyokaa sawa unaona mkono uliozoea kazi hiyo.

Kalamu ya kuchongea ilikuwa kijiti cha chuma kigumu kilichonolewa ncha ya mshazari, chenye mpini wa mviringo wa kukaa kiganjani. Fundi huisukuma mbele, haivuti. Mstari ukitakiwa kupinda, linalozunguka ni bamba juu ya mto wa ngozi uliojazwa mchanga, huku mkono ukitulia. Ncha hufukua uzi mwembamba wa shaba na kuacha mfereji, na kingo zilizoinuka hukwanguliwa. Ufundi huu ulitoka kwa masonara, na sonara wa Arusha anayetia jina ndani ya pete ya tanzanaiti ni ndugu wa kazi ya Hogenberg. Hogenberg aliijua pia njia ya tindikali: bamba hupakwa nta, nta hukwaruzwa kwa sindano, na tindikali hula shaba pale ilipofunuliwa. Njia hiyo ilikuwa ya haraka, na kitabu chenye miji mingi kiasi hicho kilihitaji haraka.

Uchapaji wake ni kinyume cha mhuri. Mhuri huchapa kwa sehemu zilizoinuka. Bamba la shaba huchapa kwa sehemu zilizozama. Wino mzito wa mafuta na masizi hupakwa juu ya bamba lote, kisha hufutwa, ukabaki ndani ya mifereji tu. Karatasi iliyoloweshwa kidogo huwekwa juu, blanketi la sufu juu yake, na vyote hupitishwa kati ya magogo mawili ya mashine. Shinikizo huisukuma karatasi ndani ya mifereji ili iuchukue wino. Ndiyo maana nakala halisi huwa na alama ya ukingo wa bamba iliyobonyea pande zote nne.

Maelezo ya nyuma ya karatasi yalichapwa kwa herufi za risasi kwenye mashine nyingine kabisa. Hili lilikuwa na faida kubwa ya biashara: toleo la Kilatini, la Kijerumani na la Kifaransa yote yalitumia bamba lilelile, yakabadilishwa maelezo ya nyuma tu. Mabamba hayo yalidumu hata baada ya mchongaji kufa. Katikati ya karne ya 17 yalikuwa Amsterdam, mikononi mwa Johannes Janssonius.

Sasa turudi kwenye minara. Misikiti ya kale ya Kilwa haikujengwa ikiwa na minara mirefu. Msikiti Mkuu, wa matumbawe na chokaa, una nguzo, kuba na matao, na nyumba za mawe za mji zilikuwa na mapaa bapa. Habari za Kilwa zilikuwa zimefika Ulaya kupitia Wareno, walioushambulia mji huo mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida, miaka 67 kabla ya kitabu kutoka. Mahali ambapo mchoro wa msingi ulikuwa hafifu, mkono wa fundi ulijaza kile ulichokizoea, yaani miji ya Ulaya. Hapo ndipo ugumu wa kuisoma picha hii ulipo. Mchoraji wa penseli anaweza kulegeza mstari asipokuwa na hakika. Shaba haina namna ya kusema labda. Mfereji wa kubahatisha una weusi uleule wa mfereji wa kweli.

Ninamheshimu sana Hogenberg kama fundi, na ninaamini kwamba mji ulio karibu na maji, wenye nyumba za mawe na watu wengi, aliupokea kutoka kwa waliouona. Umbo la majengo siliamini. Kwa hilo shahidi ni magofu ya Kilwa Kisiwani yenyewe, yaliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981.

Mwalimu, mchapishaji au mwenye hoteli anayeitumia picha hii aandike chini yake jina la Frans Hogenberg, Cologne na mwaka 1572, na pembeni yake aweke picha ya Msikiti Mkuu ulivyo leo.