Pongezi kwa Mafundi wa Malori
Mafundi wa malori wa Singida, toka mjini hata Unyambwa, wanastahiki shukrani zetu za dhati, kwani, lori lililoshindwa kuupanda mlima Sekenke likiletwa kwao, hawaihukumu tabo, kifaa kinachoisukumia injini hewa, kabla ya kukagua bomba la moshi. Wanajua kwa yakini kwamba gurudumu la tabo huzungushwa na tofauti ya shinikizo baina ya moshi uingiao na utokao, na kwamba sailensa ikizibwa na masizi tofauti hiyo hupungua, hewa iendayo injini ikawa haba, joto likazidi, nguvu zikatoweka. Nao, kwa kulegeza bolti za bomba na kuisikiliza injini tena, humwepusha mwenye chombo na gharama ya tabo mpya asiyoihitaji.